Shada la Tarakilishi Nyumbani kwa Hesabu za Takwimu za Lugha: Mfano wa Kitengela na Kajiado

Kusudi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtafiti wa lugha anayeishi Kitengela au Kajiado anavyoweza kuunganisha tarakilishi tatu au nne nyumbani kwake, ili zifanye kwa pamoja hesabu za takwimu ambazo tarakilishi moja ingezifanya kwa muda wa siku mbili au zaidi. Huenda msomaji akajiuliza jambo hili lina uhusiano gani na jarida la lugha. Uhusiano upo, tena ni wa karibu. Madai mengi yatolewayo juu ya Kiswahili cha bara ni madai ya idadi: kwamba umbo fulani latumika zaidi huku kuliko kule, au kwamba vijana wameliacha neno ambalo wazee wangali wanalo. Madai ya aina hiyo hayathibitishwi kwa mifano mitano iliyochaguliwa na mwandishi mwenyewe. Isitoshe, maneno tunayoyarekodi ni ya watu waliotuamini, na si kila walichokisema kinafaa kupelekwa katika mitambo ya kukodi iliyo ng'ambo.

Jambo hili la pili lina uzito wa pekee katika eneo tunalolizungumzia. Kitengela ni mji ulio katika barabara ya Namanga, kiasi cha kilomita 30 kusini ya Nairobi, kwenye mbuga za Athi na Kapiti. Tangu ranchi ya pamoja ya Kitengela ilipogawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, ardhi yake imekatwa vipande na kuuzwa, na watu wa lugha nyingi wamehamia. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika Kaunti nzima ya Kajiado. Mji wa Kajiado wenyewe, ambao ndio makao makuu ya kaunti, uko umbali wa kilomita 50 hivi mbele ya Kitengela, na huko Maa husikika zaidi sokoni na majumbani. Mwombe mzee wa sehemu hizi akusimulie maisha yake, nawe ukamrekodi kwa ajili ya viambishi vyake; si muda atakuwa anakueleza habari za ploti, hatimiliki na ndugu waliokosana. Mtafiti alitaka sarufi, lakini aliyoyapata ni siri za nyumba ya mtu.

Kuhusu istilahi

Wanaojishughulisha na fani hii huzungumza juu ya kundi la tarakilishi zilizounganishwa kwa mtandao na kufanya kazi moja. Hapa tutaliita kundi hilo shada, kwa kuwa katika shada kila ua hubaki ua kamili, ila yote yamefungwa pamoja. Tarakilishi inayogawa kazi na kukusanya majibu tutaiita nyapara, na zile zinazopokea kazi tutaziita vibarua.

Neno kibarua lina faida zaidi ya kupendeza masikioni. Asili yake ni barua: kibarua kilikuwa kikaratasi ambacho mfanyakazi wa kutwa alipewa, kikatiwa alama kila siku aliyofanya kazi, na hatimaye jina la karatasi likamganda aliyeishika. Tarakilishi ya kibarua nayo hupokea ujumbe wenye maelezo ya kipande chake cha kazi, hukifanya, kisha hurudisha jibu na kungoja ujumbe mwingine. Haijui wenzake wanafanya nini, wala haina haja ya kujua. Mpango wa namna hii si mpya. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa katika kituo cha Goddard cha shirika la anga la Marekani, NASA, waliunganisha tarakilishi 16 za kawaida na kuliita shada lao Beowulf. Jambo lililowavutia watu lilikuwa bei: mitambo ile iliweza kununuliwa dukani.

Kazi inayogawika na isiyogawika

Kabla ya kununua hata waya mmoja, mtafiti hana budi kuitazama kazi yake. Kuhesabu maneno si kazi ya shada. Mkusanyo wa Kiswahili wa Helsinki, ulioanzishwa na Arvi Hurskainen, una maneno yapatayo milioni 25 katika toleo lake la pili. Tarakilishi moja ya kawaida yaweza kuorodhesha marudio ya kila neno humo kabla chai haijapoa. Anayeunda shada kwa kazi ya namna hiyo anajitafutia taabu bure.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila wa namna inayotokea mara kwa mara. Mtafiti amerekodi wasemaji 24 Kitengela na 24 Kajiado. Anataka kujua kama kiambishi ka- cha udogo, kama katika kagari na katoto, kinatumika zaidi Kitengela kuliko Kajiado, mahali pa kigari na kitoto vya Kiswahili sanifu. Dhana yake ina msingi. Kikuyu na Kikamba vina kiambishi cha udogo cha namna hiyo, na wasemaji wa lugha hizo ni wengi Kitengela. Maa haina, bali huweza kuonyesha udogo kwa kulitia jina katika jinsi ya kike. Basi amehesabu, akakuta tofauti. Je, tofauti hiyo ni ya kweli au ni ya bahati tu, kwa vile alikutana na wasemaji hawa badala ya wengine?

Njia moja ya kujibu ni ile aliyoieleza Bradley Efron mwaka 1979, ambayo tutaiita usampulishaji upya. Mtafiti huchukua orodha ya wasemaji wake na kuchagua kwa bahati wasemaji 24 kutoka kila mji, akiruhusu msemaji mmoja kuchaguliwa zaidi ya mara moja na mwingine kuachwa kabisa. Kisha huikokotoa upya tofauti. Hurudia hivyo mara elfu nyingi na kutazama jinsi majibu yanavyotawanyika. Hapa pana tahadhari ambayo nimeona ikipuuzwa katika tasnifu zaidi ya moja: kinachochaguliwa upya ni msemaji, si neno. Maneno 500 ya mtu mmoja si ushahidi wa watu 500. Anayechagua maneno hupata majibu yaliyobanana mno, akatangaza ugunduzi ambao haupo.

Sasa tuseme kila rudio lahitaji kukadiria upya modeli inayozingatia umri, lugha ya kwanza na mada ya mazungumzo, na kwamba hilo huchukua sekunde 20. Marudio 10,000 yatachukua sekunde 200,000, yaani saa 55 na nusu. Lakini kila rudio linajitegemea. Rudio la 7 halihitaji kujua jibu la rudio la 6. Kazi ya namna hii ndiyo hasa inayostahili shada. Tarakilishi nne zenye viini vinne kila moja hutoa vibarua 16. Tukiigawa kazi katika mafungu 200 yenye marudio 50, kila fungu litachukua sekunde 1,000, nayo mafungu yote yatakwisha kwa zamu 13, yaani muda wa saa tatu na nusu na ushei.

Kazi ambayo sehemu yake haigawiki ina mpaka wake. Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi ni lazima ifanywe kwa mfululizo, basi hata ukiwa na vibarua elfu hutaipunguza kwa zaidi ya mara kumi. Kwa vibarua 16 utapata mara 6.4 tu. Aidha, hatuna budi kukiri kwamba tarakilishi moja mpya yenye viini 16 italishinda shada la nne kuukuu, tena kwa kelele chache. Faida ya shada kwa mtu wa mshahara wa mwalimu ni kwamba hununuliwa kidogo kidogo, mashine moja kila fedha zinapopatikana, na kwamba moja ikifa kazi haisimami.

Mitambo, umeme na vumbi

Tarakilishi zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya huuzwa kwa wingi Nairobi, hasa katika maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue. Zile ndogo za mezani zinafaa kuliko mpya za bei nafuu. Mnunuzi atazame kumbukumbu kwanza, kisha ndipo atazame kasi. Programu ya R, tutakayoieleza hapa chini, huiweka data yote katika kumbukumbu, na kila kibarua hushika nakala yake. Data ya gigabaiti 1.5 ikishikwa na vibarua vinne katika mashine moja huhitaji gigabaiti 6 kabla mfumo wenyewe haujapata chake. Mashine ya gigabaiti 8 itatosha kwa shida, na ya gigabaiti 4 haitafaa. Mashine ziunganishwe kwa nyaya na swichi, si kwa mawimbi ya hewani. Swichi ya gigabiti moja kwa sekunde yaweza kuipitisha data ile kwa sekunde kumi na mbili au zaidi kidogo.

Adui wa shada la Kitengela, hata hivyo, si kasi. Ni stima kukatika, na vumbi. Tarakilishi nne zikitumia wati 50 kila moja, pamoja na wati 10 za swichi, jumla ni wati 210. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina nishati ya wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi na asidi isiteremshwe chini ya nusu mara kwa mara, la sivyo itakufa mapema. Zabaki wati-saa 600. Inveta nayo hula sehemu yake. Tukikadiria asilimia 15, zabaki 510, nazo zatosha kwa muda wa saa mbili na dakika ishirini na tano hivi. Kazi yetu ni ya saa tatu na nusu. Kwa hiyo betri moja haiokoi kazi nzima. Kazi yake ni kumpa nyapara nafasi ya kufunga vitabu vyake.

Dawa iliyo rahisi kuliko betri ya pili ni kuyaandika majibu ya kila fungu diskini mara likamilikapo, kila fungu katika faili yake yenye namba. Stima ikirudi, nyapara hutazama ni faili zipi zipo na kuyagawa yaliyosalia tu. Hasara kubwa kabisa huwa ni mafungu 16 yaliyokuwa mikononi mwa vibarua, yaani kazi isiyozidi dakika 17. Hii ndiyo sababu ya kugawa kazi katika mafungu 200 na si 16, ingawa vibarua ni 16. Anayeishi mahali ambapo stima haikatiki aweza kuyafanya mafungu kuwa makubwa. Sisi wengine tuyafanye madogo.

Kuhusu vumbi ni maneno machache. Udongo wa mbuga hizi hukauka na kupeperushwa wakati wa kiangazi, na malori ya barabara ya Namanga hayapumziki. Vumbi hujipanga juu ya mapezi ya kupozea na kuyavika blanketi; mashine ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe bila kumwambia mtu. Ikiwa kibarua kimoja kimeanza kuchelewa kuliko wenzake, kabla ya kuishuku programu kifungue ukipige brashi. Mashada yawekwe juu ya rafu, si sakafuni, nayo kazi ndefu ifanywe usiku, kwa kuwa usiku wa Kitengela una baridi ya bure. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme wa radi ni cha lazima.

Programu

Programu ya takwimu tutakayoitumia ni R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya mwanzo ya 1990. Toleo lake la 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000. Haina malipo. Mfumo endeshi wa Debian nao hauna malipo, na waweza kuwekwa bila ya madirisha na mapambo ili kumbukumbu yote ibaki kwa kazi.

Tangu toleo la 2.14.0 la mwaka 2011, R huja na kifurushi kiitwacho parallel, ambacho ndicho chenye kumfanya nyapara kuwa nyapara. Amri ya makeCluster hupewa orodha ya anwani za mashine. Nyapara huingia katika kila moja kwa njia ya ssh, huamsha humo R iliyo tupu, na kibarua kilichoamshwa humpigia nyapara hodi kupitia mlango wenye namba kati ya 11000 na 11999. Ukuta wa kinga wa nyapara ukiwa umeifunga milango hiyo, vibarua vitabisha bila kujibiwa na amri itaonekana kama imelala. Kila mashine ipewe anwani isiyobadilika, na ufunguo wa ssh uandaliwe mapema ili nyapara asiulizwe nywila mara nne kila anapoanza kazi.

Matoleo ya R yawe sawa katika mashine zote. Hili si suala la unadhifu. Katika toleo la 3.6.0 la mwaka 2019 ilibadilishwa njia ambayo amri ya sample hutumia kuchagua, na katika toleo la 4.0.0 la mwaka 2020 ilibadilishwa kanuni ya kuyapokea maneno yaliyo ndani ya jedwali. Shada lenye kibarua cha toleo la zamani na kingine cha toleo jipya litatoa majibu kana kwamba hakuna kilichotokea, ilhali vibarua vyake vimefuata kanuni mbili. Kosa jingine la kimya ni maktaba ya hesabu za matriki ambayo hujigawia viini yenyewe. Vibarua vinne, kila kimoja kikitaka viini vinne, hugombania viini vinne vilivyopo, na shada huenda polepole kuliko mashine moja. Maktaba hiyo iamriwe kutumia kiini kimoja tu kwa kila kibarua.

Namba za nasibu

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu kosa lake halionekani na matokeo yake hupendeza. Tarakilishi haibahatishi kwa hakika. Hutoa mfuatano mrefu wa namba zinazofanana na za bahati, kuanzia namba ya mwanzo iitwayo mbegu. Vibarua 16 vikipewa mbegu moja, vyote vitachagua wasemaji walewale kwa utaratibu uleule. Mtafiti atadhani ana marudio 10,000, kumbe yale yaliyo tofauti ni sehemu moja tu ya kumi na sita, nayo mengine ni mwangwi.

Kuvipa vibarua mbegu 1, 2, 3 na kuendelea ni afadhali, lakini hakuna dhamana kwamba mifuatano haitagongana. Njia iliyo salama ni kutumia kizalishi cha Pierre L'Ecuyer, kilichomo ndani ya R, ambacho mfuatano wake una urefu unaokaribia 2 kwa kipeo cha 191 na ambao umekatwa katika mifululizo iliyotengana kwa hatua 2 kwa kipeo cha 127. Amri ya clusterSetRNGStream hukipa kila kibarua mfululizo wake. Lakini kwa shada la mahali ambapo stima hukatika, hata hilo halitoshi. Mfululizo ukiwa ni wa kibarua, jibu la fungu la 83 litategemea ni kibarua gani kililichukua, na baada ya umeme kurudi huenda likachukuliwa na kingine. Kazi haitaweza kurudiwa ikatoa jibu lilelile. Mfululizo upewe fungu, si kibarua. Mtafiti aandae orodha ya mifululizo 200 kwa amri ya nextRNGStream kabla ya kuanza, aihifadhi pamoja na data, na kila fungu lianze kwa wake. Hapo fungu la 83 litatoa jibu moja likifanywa Kitengela, Kajiado au Mombasa.

Herufi

Shada huhesabu herufi lililopewa, si neno alilolikusudia mwandishi. Ng'ombe iliyopigwa chapa kwa kipashio kilichonyooka na ng'ombe yenye kipashio kilichopinda ni maneno mawili kwa tarakilishi, na kama programu ya kukata maneno hukitazama kipashio kama mpaka, basi neno limekuwa vipande viwili, ng na ombe. Katika Maa mambo ni mazito zaidi. Lugha hiyo ina irabu tisa, na maandishi ya kawaida hutumia herufi tano. Waandishi wafuatao sarufi ya Tucker na Mpaayei ya mwaka 1955 huzitofautisha irabu na kutia alama za toni. Irabu yenye alama ya toni huweza kuandikwa kwa msimbo mmoja au kwa misimbo miwili iliyofuatana, nayo huonekana sawa kabisa machoni. Msahihishaji hatalitambua kosa hilo kwa kusoma. Maandishi yote yageuzwe kuwa ya namna moja katika mashine ya nyapara, mara moja tu, kabla ya kugawa lolote. Nayo mipangilio ya lugha iwe sawa katika kila kibarua, maana hata utaratibu wa alfabeti hutofautiana kati ya mpangilio mmoja na mwingine.

Kati ya miji miwili

Tuseme mtafiti wa Kitengela ana mwenzake Kajiado mwenye tarakilishi mbili. Kishawishi ni kuziunganisha nyumba hizo mbili kwa intaneti ziwe shada moja. Haifai. Vibarua hungoja ujumbe, na mtandao ukitetereka kwa dakika moja kazi nzima huanguka. Kwa kuwa kila fungu lina namba yake na mfululizo wake, mwenzake apewe mafungu 131 hadi 200 katika kidude cha kuhifadhia data, ayafanye kwa wakati wake, kisha ayarudishe kwa matatu ya Namanga. Kazi isiyohitaji mazungumzo kati ya vibarua haihitaji waya wa kilomita 50.

Wala mwenzake huyo hahitaji sauti za watu. Hesabu ya ka- na ki- yahitaji jedwali lenye namba ya msemaji, umri wake, lugha yake na umbo alilolitumia. Jina lake, kijiji chake na kesi yake ya shamba vibaki katika diski ya nyapara, iliyofungwa kwa usimbaji, na orodha inayounganisha namba na majina iwekwe mbali nayo. Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika Kenya tarehe 25 Novemba 2019, huweka masharti juu ya kupeleka nje ya nchi data zinazomtambulisha mtu, na mtafiti ambaye mashine zake zote zimo chumbani mwake ana maswali machache zaidi ya kujibu. Ila anajitwika ulinzi ambao mwenye mitambo ya kukodi angemfanyia: mlango wenye kufuli, nakala ya pili ya data katika nyumba nyingine, na kuifuta kabisa diski ya kila kibarua kabla ya kukirudisha Luthuli Avenue kuuzwa. Kufuta faili kwa kuiburuta jalalani hakutoshi, kwani yaliyoandikwa hubaki diskini mpaka yaandikwe mengine juu yake. Diski ya sumaku na iandikwe sufuri mwanzo hadi mwisho, kazi ambayo kwa diski ya gigabaiti 500 huchukua saa kadhaa na yaweza kuachwa ikiendelea usiku.